Redio ya Mjomba Kwenye Posa

Mjomba wangu ni mhasibu wa Fort Worth ambaye hata ngazi ya kubadilishia balbu anaiogopa, lakini ukimuuliza habari za marubani wa Kijerumani wa vita kuu ya pili, utajuta. Kila Jumamosi yuko kwenye makumbusho ya ndege. Huko alijifunza kwamba marubani wale hawakuitana redioni kwa majina waliyopewa na mama zao. Kikosi kilikuwa na jina lake, kila ndege namba yake, na mambo muhimu yalikuwa na maneno ya siri. Aliyeelewa alijibu "Viktor." Aliyeangusha ndege ya adui alipiga kelele "Horrido!"

"Hao si ndio walioshindwa vita?" nilimuuliza. "Tena walistahili."

"Walistahili kabisa," akasema. "Ila hawakushindwa kwa sababu ya redio."

Basi mdogo wangu alipopata mchumba Pearland, karibu na Houston, mjomba akawa mshenga, na sisi tukawa jeshi la anga. Tulitoka Lewisville magari matatu, kila gari na redio yake ya mkononi. Mjomba alikuwa Tai Moja, mimi na zawadi Tai Mbili, mdogo wangu Tai Tatu. Simu zote zilikusanywa zikatiwa kwenye mkoba wangu, eti simu zinaua nidhamu. Njia nzima ya kwenda Houston nilisikilizishwa "Magari manene mbele!" Kwa marubani hizo zilikuwa ndege kubwa za mabomu, kwetu yalikuwa malori. Nilijibu Viktor mpaka ulimi ukachoka.

Mimi sikuwa na hamu ya mchezo. Mama wa binti, ambaye ni mjane na ndiye mwenye kauli ya mwisho, alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba kijana wetu haongei. Kila akienda kumsalimia anatoa shikamoo, anakunywa chai, anatazama zulia, anaondoka. Binti yake ni nesi wa zamu za usiku, anahitaji mtu wa kuzungumza naye, si sanamu. Mdogo wangu aliyajua yote hayo, na tangu Lewisville hakutia kitu tumboni.

Kwa desturi yetu muoaji haji kwenye posa yake, kwa hiyo tulimwacha kwenye maegesho ya duka la donati, karibu na nyumba ile.

"Uta-park hapa na usisogee," mjomba alimwamuru. "Wakikubali, utasikia Horrido."

"Viktor," akasema mdogo wangu, kwa sauti ya mtu anayepelekwa kupasuliwa.

Sebuleni mjomba alisimama na suti yake, akaanza: tulikuwa tunapita, tumeona ua zuri kwenye bustani yenu. Kumbe redio iko kwenye mfuko wa ndani wa koti, na hajaizima. Kiongozi hazimi redio, ndivyo alivyoniambia baadaye, bila haya.

"Tai Moja, hapa Tai Tatu. Kuna Horrido?"

Mjomba akakohoa, akaendelea na ua lake. Koti likauliza tena. Akakohoa kwa nguvu zaidi huku akijipapasa kifua, mpaka mzee mmoja wa upande wao akauliza kama ana presha na kuagiza maji. Nilitamani kuingia chini ya zulia.

Kisha koti likaacha maneno ya siri.

"Mjomba, tuachane na Tai. Nimekula donati mpaka moyo unaenda mbio. Najua wamekataa. Mama anasema siongei, na ni kweli, yeye namwogopa. Lakini binti yake akitoka night shift mimi ndiye nampigia. Ana-drive huku namhadithia upuuzi asisinzie, mpaka afike mlangoni. Kila asubuhi. Sijawahi kuishiwa maneno. Waambie hata wakikataa, niruhusiwe kuendelea kumpigia. Ile barabara inanitisha."

Mjomba alikuwa amekwisha kuichomoa redio, kidole kiko kwenye swichi.

"Mwache," mama wa binti akasema.

Yule mzee alibaki ameshika glasi ya maji. Mama alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kumbe ni yeye," akasema. "Mwanangu kila asubuhi anaingia anacheka peke yake. Mimi nakuwa macho tangu alfajiri nikiomba asilale kwenye usukani, halafu namsikia anacheka, nashukuru Mungu. Sikujua nani mwingine wa kumshukuru."

Akanyoosha mkono kwa mjomba. "Hilo neno analolisubiri ni lipi?"

Mjomba akamnong'oneza, uso chini, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza.

"Horrido," mama akasema, kwa sauti ya kuitia watoto chakula. "Haya, achana na hizo donati, njoo ule."

Redioni tukamsikia akivuta kamasi.

"Viktor, mama."