Kompyuta Yenye Kizibo

Katika soko lote la Emali, mimi ndiye niliyetangulia kumiliki kompyuta ya kubeba. Anayebisha aje dukani tubishane. Darasa la nne ndiko nilikoachia shule, lakini matangi ya maji niliyojenga kutoka Kibwezi mpaka Kanyangi hayajawahi kumuuliza mtu cheti.

Niliinunua Machakos kwa fundi wa kompyuta, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni. Kulikuwa na tangi la kanisa letu ambalo kamati ilitaka kumpa mtu kazi ya kulijenga. Fundi mwenzangu alikuwa na michoro yake ya karatasi, mizuri sana, siwezi kudanganya. Mimi nikatangaza kwamba yangu itaonyeshwa ndani ya kioo. Nikishatangaza, nimetangaza.

Sasa, vumbi la Emali mnalijua. Malori yakipita, hata chai hubadilika rangi. Ile kompyuta ilikuwa na mdomo ubavuni wa kuingizia disketi, na mdomo wazi barabarani ni mwaliko. Basi nikachukua disketi tupu nikauziba, vile mtu huziba kibuyu cha uji. Nilijisifu siku nzima kwa akili hiyo.

Jioni nikaiwasha. Ikaandika maneno ya Kiingereza, nikayasoma polepole: diski hii si ya kuamshia mashine, badilisha, kisha bonyeza kitufe chochote. Nikabonyeza. Ikarudia yale yale.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "umeuziwa punda aliyelala."

"Anapumzika tu."

"Mwambie basi kamati ni Jumamosi."

Asubuhi nikaenda kwa simu ya kibandani nikampigia yule fundi wa Machakos. Akaniuliza kama kuna disketi ndani. Nikamwambia ipo, ni kizibo. Alicheka mpaka nikaogopa shilingi zangu zitaisha. Kisha akanieleza: ikiamka, kompyuta hii hutafuta kwanza kwenye disketi, halafu ndipo iende kwa diski ya ndani. Niitoe tu.

"Na vumbi?" nikamuuliza.

Akaona hanishindi. Akanifundisha kubadilisha zamu: ikianza tu kuwaka, bonyeza F2, tafuta orodha ya kuamkia, pandisha diski ya ndani iwe juu ya disketi, kisha F10 ili ikumbuke. Nikarudi nyumbani, nikapandisha, nikaona diski ya ndani imekaa juu kama mzee wa ukoo. Nikaridhika, nikazima palepale. F10 ilinitoka kichwani.

Jumamosi, kanisani, mwenzangu akatandaza karatasi zake, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Zamu yangu ikafika. Nikawasha mbele ya kamati nzima. Diski hii si ya kuamshia mashine.

Kutoka benchi la akina mama nikasikia sauti ya mke wangu: "Toa kizibo."

"Mama, haya ni mambo ya ufundi."

"Ndiyo. Toa kizibo cha ufundi."

Kanisa likacheka. Mzee mmoja wa kamati akauliza kama wanaweza kumpa kazi yule wa karatasi, watu waende nyumbani. Kazi ilikuwa inaniponyoka hivi naiona. Kuitoa ile disketi ilikuwa rahisi, lakini nionekane nimetii amri ya mke wangu mbele ya kanisa zima?

Nikazima, nikawasha upya, nikabonyeza F2, na vidole vikifanya kazi, mdomo nao ukafanya yake. Nikawaambia: "Mmetuma mtoto maji mtoni wakati wa kiangazi. Mmemwambia aanze na kile kisima cha mchangani kilicho karibu. Anakikuta kimekauka. Badala ya kusonga kwa kile cha mbele, anasimama hapo na mtungi anawangoja nyinyi. Huyu ndiye mtoto wangu. Namwambia aanze na kile chenye maji." Nikabonyeza F10 kwa kidole kikubwa, kila mtu aone.

Ikaamka. Tangi likatokea kiooni, la mviringo, na paa lake na mfuniko wake.

Mama mwenyekiti wa kamati akainama, hakuangalia tangi. Aliangalia ubavuni. "Na kizibo bado kiko ndani?"

"Kiko, mama. Vumbi haliingii."

Wakanong'onezana kwa muda. Halafu akasema: "Tangi la zamani liliachwa wazi, tukanywa vyura. Huyu anaziba hata pasipohitajika. Kazi apewe yeye."

Nikasimama nitoe shukrani ndefu, nilikuwa nimeitayarisha njiani. Akaniinulia mkono.

"Lakini hiyo mashine ibaki nyumbani, fundi. Huko kwa msingi tunataka uangalie saruji."

Nikakubali. Mke wangu ndiye aliyeibeba tulipokuwa tunarudi, ameikumbatia kama kuku wa kununua, akiniuliza kila tulipokutana na watu kama nitaiwasha wajionee.

Nikawaonyesha wote.