Sauti ya Msusi Kwenye Gari la Matangazo

Hakuwa wakili wa mahakama yoyote. Alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa kibaraza cha chumba alichopanga. Jina la Wakili alibandikwa na majirani kwa sababu hakuna ugomvi wa mtaani uliopita bila yeye kutia neno. Watu wakigombania zamu ya bomba, anaitwa. Mwenye nyumba akimtolea mpangaji godoro nje, anaitwa, na mara nyingi godoro lilirudi ndani. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alizoea kusema kwamba yeye anachomelea mageti na mkewe anachomelea watu.

Basi ilipotangazwa kwamba halmashauri inataka kuifunga zahanati ya mtaa, pale pawe maegesho ya malori, na kwamba wananchi wote waje watoe maoni, Wakili aliona kama ameitwa yeye. Ndani alikuwa na mama yake, mgonjwa wa kisukari, mwenye kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Kila asubuhi bibi huyo alijikongoja mpaka zahanati, nesi akamsafisha na kumfunga bandeji, kisha akarudi taratibu akitaniana na wauza mboga. Hospitali nyingine ilikuwa mbali, ng'ambo ya barabara kuu, ambako hata mwenye miguu mizima huvuka roho mkononi.

Shida ilikuwa majirani. Hawakutaka kwenda.

"Shoga, mikutano hiyo imenichosha," alisema muuza mkaa, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akiwa kwenye kiti cha kusukwa. "Unakwenda, unapiga makofi, unarudi na kichwa kinakuuma. Wenzetu wameshapanga yao."

"Wanapanga kwa sababu hatuendi. Tukijaa watatuogopa."

"Watuogope sisi? Na masizi haya?"

"Niahidi utakuja, la sivyo nakuacha hivi hivi, upande umesukwa, upande kama umekimbizwa na nyuki."

Muuza mkaa alicheka mpaka akashika mbavu, akaahidi. Ndivyo Wakili alivyowapata wengi, kichwa baada ya kichwa. Wanaume aliwaachia mumewe, naye akawakamata kwenye karakana wakisubiri mageti yao.

Siku ya mkutano darasa la shule lilifurika, wengine wakaning'inia madirishani. Afisa mipango, dada mmoja mpole mwenye miwani, alionyesha picha za maegesho ukutani. Kijana wa halmashauri alikuwa akirekodi kila kitu kwa kamera. Wakili akasimama. Akaanza kama mtu aliyelelewa vizuri anavyoanza.

"Kwanza naishukuru halmashauri kwa kuja kutusikiliza. Mpango huu ni mzuri, mji lazima ukue. Lakini zahanati yetu msiiguse. Malori yana matairi, yatafika popote. Mama yangu hana matairi."

Darasa likalipuka kwa makofi. Hata afisa mipango alitabasamu, akasema maoni yamepokelewa. Mwenyekiti wa mtaa akampa Wakili mkono mbele za watu. Njiani kurudi wanawake walimzunguka kama bibi harusi, na mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akisubiri habari, alimwambia, "Mwanangu, leo umenizaa wewe."

Wiki zikapita. Wakili alikuwa akimsuka muuza mkaa pale gari la matangazo lilipokata kona, likija polepole, spika zake zikitikisa mabati.

"Wananchi wa mtaa huu wameridhia kwa kauli moja ujenzi wa maegesho ya kisasa! Wasikilizeni wenyewe!"

Halafu ikaja sauti anayoijua kuliko zote. "Naishukuru halmashauri kwa kuja kutusikiliza. Mpango huu ni mzuri, mji lazima ukue."

Wakasubiri ile lakini. Hapakuwa na lakini. Ukafuata muziki, kisha sauti yake tena, na gari likasonga mbele kumtangaza kwenye mtaa wa pili.

"Shoga, wamenikata," Wakili alisema. "Wewe ulikuwepo. Ulinisikia."

Muuza mkaa alikuwa ameshasimama. "Nilikuwepo kwa sababu yako. Nimekwenda kuwapigia makofi wanaonifungia zahanati." Akajitanda kanga juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akaondoka bila kugeuka.

Kesho yake Wakili alikwenda halmashauri. Alikalishwa kwenye benchi mpaka mchana, ndipo afisa mipango akamwita. Hakumfokea. Alimvutia kiti.

"Dada, maoni yako yamo kwenye ripoti, yote. Ila kikao kilikuwa kimeshapitisha mpango."

"Kilipitisha lini?"

"Kabla hatujaja kwenu."

"Sasa mlikuja kufanya nini?"

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Sheria inataka wananchi washirikishwe," alisema kwa sauti ya chini. "Tumewashirikisha."

Wakili akainuka kitini. Aliaga kwa adabu. Alipofika barabarani ndipo alipogundua kwamba hata pale alisema asante.

Zahanati ikafungwa. Mwanzoni mumewe alimbeba mama mkwe kwa pikipiki ya kuazima mpaka hospitali, kisha kazi ikambana. Mama akaanza kusema mguu hauumi, asisumbuliwe mtu, akawa anajifunga mwenyewe kwa kitambaa. Siku harufu ilipomshtua Wakili, ilikuwa imeshapita saa ya bandeji. Hospitalini waliukata mguu juu ya goti.

Mama hakumlaumu. Hilo ndilo lililommaliza. Angepigiwa kelele angejibu. Lakini mama alikuwa akilala akitazama ukuta, hamtanii mtu, na akiulizwa anataka nini husema hataki kitu. Majirani walikuja kumpa pole mgonjwa. Binti yake walimsalimia tu, wakapita.

Malori yakaja na vumbi lake. Wakili akahamishia kiti cha saluni ndani, karibu na kitanda, na wateja wakapungua. Siku moja mwenyekiti wa mtaa alipiga hodi.

"Wakili, kuna mkutano wa maoni juu ya mtaro wa maji machafu. Wewe una watu. Nisaidie kuwakusanya."

"Sina watu, mwenyekiti."

"Usiseme hivyo. Ulimi wako..."

"Nina mgonjwa ndani."

Mwenyekiti akakuna shingo, akaondoka. Siku yenyewe kipaza sauti kilisikika kutoka shuleni kikiita, kikiita tena. Kitini alikaa mpangaji mpya, msichana mwenye mimba changa, ambaye hakujua lolote kuhusu mtaa huo.

"Dada, wanaita wananchi," alisema, akitaka kuinuka. "Sisi hatuendi?"

Wakili alishika kitana hewani. Alitaka kumwambia nenda, nenda ukaseme. Alitaka kumwambia usithubutu. Kitandani mama yake alikohoa kwa sababu ya vumbi, akageukia ukuta.

"Inamisha kichwa," Wakili alisema, akaendelea kusuka.