Kuzunguka Ua wa Minyaa

"Nyar Ogwedhi, unauliza ili ujue, ama unauliza ili nikuruhusu?"

Nakumbuka siku niliyoulizwa hivyo, mwanangu, nikiwa nimesimama na fimbo ya gofu mkononi, nikakosa jibu. Mimi niliyekuwa na jibu kwa kila mtu! Nilikuwa nimetoka chuo kikuu majuzi tu, na nilichobeba kutoka huko ni imani kwamba jambo lisiloweza kujieleza halistahili kutiiwa. Hata leo sijaiacha kabisa imani hiyo, kwa hiyo usidhani nimekuita hapa nikufundishe kunyamaza. Ile methali ya asiyesikia la mkuu nimeisikia mara nyingi mno vinywani mwa wakuu wasiopenda kuulizwa. Sikiliza tu lililonipata.

Aliyeniuliza ni Mama Nereah, muuguzi mstaafu aliyecheza gofu akiwa amejifunga leso kiunoni juu ya suruali. Aliniita nyar Ogwedhi, binti wa Ogwedhi, maana kwetu mwanamke huitwa kwa kule alikozaliwa. Nilikuwa nimesafiri kutoka Migori hadi uwanja wa umma ulio upande wa Lambwe, uwanja ambao nilikuwa sijawahi kuukanyaga, kushindania nafasi ya mwisho katika timu ya eneo letu iliyokuwa iende Nakuru. Tuliobaki tukiitafuta nafasi hiyo tulikuwa wawili: mimi na Hassan, mwenye duka la vipuri mjini Homa Bay. Mama Nereah alikuwa mwamuzi wetu, ndiye aliyeshika kadi zetu za alama.

Baba yangu, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa akiniuliza kila nikienda nyumbani, "Utaacha lini kuchapa nyasi utafute kazi?" Nafasi ile ndiyo ingekuwa jibu langu. Niliitaka kama mgonjwa anavyotaka maji.

Uwanja wenyewe haukuwa wa fahari. Ng'ombe walipita wakitaka, nasi tukawasubiri. Kuzunguka kila shimo hapakuwa na nyasi laini bali mchanga uliochanganywa na oili chakavu, na mchezaji akimaliza huvuta ubao juu ya mchanga huo ili anayefuata asikute nyayo zake. Nilisahau kuuvuta kwenye shimo la kwanza.

"Msomi," Hassan aliniita, "kwenu chuoni mlikuwa na mtu wa kuwafutia nyayo?"

"Kwetu tulikuwa na nyasi."

"Basi Mungu awasaidie. Vuta ubao, dada."

Nikauvuta. Sababu yake niliiona mara moja, sikuona ubaya. Tukaendelea hivyo, yeye akipiga mipira mifupi iliyonyooka kama mzee anayekwenda msikitini, mimi nikipiga mirefu iliyokwenda ilikotaka. Tulipofika shimo la mwisho tulikuwa sawasawa.

Njia ya shimo hilo ilipinda kama kiwiko. Katikati ya kiwiko palikuwa na ua wa minyaa uliozeeka, umefunga mahali palipoota nyasi ndefu. Wajaluo hupaita gunda, mahali palipokuwa na boma na sasa hapana mtu. Nilipima kwa macho. Mpira wangu mrefu ungeruka juu ya minyaa na kutua karibu na shimo. Hassan hakuwa na nguvu hizo. Yeye ingembidi azunguke. Nafasi ya Nakuru ilikuwa mkononi mwangu, mwanangu. Nikachomoa fimbo ndefu.

"Hapo hapapigwi juu," Mama Nereah alisema. "Pazungukwe. Na tukipita kando yake hatuongei."

"Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyo hapa."

"Imeandikwa wapi? Kwenye kadi haipo. Kwenye sheria za gofu haipo."

Hassan alikohoa. "Dada, mimi nimekuja hapa mgeni kama wewe. Wenyeji walisema pazungukwe, nikazunguka. Nyumbani kwangu mgeni huvua viatu mlangoni, na hakuna aliyewahi kuniomba sababu."

"Mimi ningeomba."

"Wewe ungeingia navyo!"

Mama Nereah hakucheka. Alinitazama kwa utulivu, jinsi muuguzi anavyomtazama mtoto anayeikataa sindano, ndipo akaniuliza lile swali. Hakulitilia ukali. Aliniachia hapo, akarudi nyuma, akanipa nafasi ya kupiga nilivyotaka. Asingenishika mkono, nilijua. Wala sheria isingenihukumu.

Nilirudisha fimbo ndefu kwenye mfuko wa fimbo, nikachukua fupi, nikazunguka. Nitakuwa mkweli: sikuzunguka kwa heshima. Nilizunguka kwa sababu nilikuwa nimekosa jibu, na kukosa jibu kuliniuma kuliko kushindwa. Mpira wangu wa pili uliingia majani marefu. Wa Hassan ulilala mchangani, akausukuma taratibu kwa fimbo hadi shimoni. Nafasi ikawa yake. Alinipa mkono, akavuta ubao, akafuta nyayo zake na zangu pia.

Tulipokuwa tukirudi kwenye kibanda cha chai, Mama Nereah alisema, "Haya, mchezo umeisha. Sasa uliza."

Nikafungua mdomo. Hapakuwa na swali ndani yake. Ile kiu yote ya kujua ilikuwa imekauka pale pale kwenye shimo la mwisho, pamoja na faida ya kujua. Nikasema, "Si kitu, mama." Akaitikia kwa kichwa, akaninunulia chai na mandazi, akaanza kuniuliza habari za ng'ombe wa baba.

Kuuliza si ujinga, mwanangu, na aliyekwambia uache kuuliza amekudhulumu. Uliza kanisani, uliza ofisini, niulize mimi. Ila kabla swali halijatoka, lipime: jibu likija la kukuzuia, utalipokea? Swali linalokubali jibu moja tu ni amri iliyovaa nguo za swali. Na ukifika pageni, ukakuta watu wanapazunguka mahali, zunguka nao kwanza. Sababu itafute siku ambayo huna unachoshindania. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na aliyeviunda huenda yuko kando yako ameshika kadi yako. Mungu akupe ulimi wa kuuliza na masikio ya kukaa hadi jibu likamilike. Njia zako ziwe pana, na zile ndefu zikufikishe salama.

Mimi nilikaa miaka mingi kabla ya kurudi Lambwe. Nilikwenda bila fimbo, nikamkuta Mama Nereah amezeeka, nikauliza. Pale palikuwa boma la baba yake. Malale, ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o, yalipoingia bondeni, majirani walihama kabla hawajawalilia waliokufa, na katika nyumba ile nzima aliyetoka hai ni mtoto mmoja wa kike, aliyebebwa mgongoni na shangazi yake.