Bi Anuai wa Mzee Mhina

Mzee Mhina wa Makuyuni ana ekari nne za msitu alioachiwa na baba yake, na kwa miaka thelathini hajakata humo hata mpini wa jembe. Sisi wengine tumefyeka mpaka mipakani, tukamwita mvivu, kisha jioni tunapanga foleni kwenye bomba linalopata maji kutoka chemchemi iliyomo humo humo. Aibu hatuna.

Juzi bwana misitu alikuja kwenye mkutano wa kijiji na spika inayokoroma, akamsifu mzee kwa kutunza bayoanuai. Jirani yao Grasiana, aliyekuwa nyuma kabisa akimenya chungwa, akatoka mbio hadi kwa Maryamu, mke wa Mhina.

"Dada, mumeo kapigiwa makofi na kijiji kizima! Eti anamtunza Bi Anuai huko msituni."

Mhina aliporudi alimkuta mkewe mlangoni, panga mkononi.

"Nimesikia habari za Bi Anuai wako."

"Bayoanuai? Eeh!" Mzee akachanua. "Wamesifu kweli kweli."

"Umeanza lini?"

"Mbona nimerithi kwa baba."

"Kwa baba yako! Astaghfirullahi! Chagua basi, mimi au Bi Anuai."

"Mama Hiza, bila bayoanuai hata wewe usingekula."

Nakwambia, nusura akatwe yeye. Maryamu akashika njia ya msituni, afyeke kila kichaka mpaka huyo mwanamke atoke. Mzee akamfuata akihema, na safari hii aliogopa kweli, kwa sababu kichaka cha kwanza ndicho kilichoifunika chemchemi.

"Yuko wapi?" Maryamu alishainua panga.

"Nani?"

"Bi Anuai!"

Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwonyesha chemchemi, nyuki wanaochavusha matikiti yetu sisi tunaomcheka, uyoga wa mboga, na mti ambao gome lake lilimtuliza Maryamu tumbo mwaka juzi. Kila mti aliutaja kwa jina lake la Kizigua. "Hivi vyote kwa pamoja ndiyo bayoanuai," akasema.

Maryamu akashusha panga, lakini uchungu haukuisha.

"Miti yote hii unaijua kwa majina. Mimi, tangu nimzae Hiza, hujaniita jina langu."



"Maryamu," mzee akasema, kwa aibu ya bwana harusi.

"Rudia."