Chumba cha Mama Nilichokigeuza Ofisi

Nataka ieleweke kwamba sikuona wivu. Mwenye wivu hununa, akirudi kwake anasema yule mtu anaringa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kuzunguka cha mwenzangu, nikazunguka mara mbili, nikampongeza kwa moyo mweupe. Tulikuwa Geita, nyumbani kwake. Kazi yetu ni moja: tunasikiliza simulizi za wazee wa Kisukuma zilizorekodiwa na watafiti, tunaziandika kwa Kiswahili. Yeye alikuwa na meza ya mninga, rafu ya vitabu, pazia jeupe na mlango unaofungwa. Mimi huko Kahama nilikuwa naandikia kwenye meza ya chakula, kompyuta ikigusana na chupa ya chai.

Nilipata hamasa, basi. Nikapiga picha kila pembe, kisha nikamuuliza zamani chumba kilikuwa cha nani.

"Cha mama mkwe," alisema. "Alipofariki tukapaka rangi."

Yeye alikuwa amesubiri. Mama yangu mimi alikuwa hai, na chumba alichokuwa analala kilikuwa na dirisha zuri kuliko yote ya nyumba yangu. Basi lilipoingia Kahama nilikuwa nimeshajua meza itakaa wapi.

Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alihamia kwangu baada ya baba kufariki, kwa ajili ya kifua chake. Kule Ushetu kaka yangu analima tumbaku, na bani, kile kibanda cha kukaushia majani yake kwa moto, liko hatua chache kutoka mlangoni. Moshi ukianza, mama hukohoa mpaka ashike ukuta. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilimwambia arudi kwa kaka, hewa ya shamba itamfaa kuliko vumbi la mjini. Alinitazama kidogo, halafu akauliza kama auache mfuko wake wa michembe, vile viazi vilivyokaushwa anavyovipenda, au aende nao. Nikamwambia aende nao, maana unaleta panya.

Hakulia wala hakulalamika. Alikunja mashuka yangu, akayapanga kitandani, akaaga. Kitanda nikampa jirani wiki hiyohiyo.

Ofisi ilipendeza, siwezi kusema uongo. Nilipaka rangi ya maziwa, nikatundika pazia jeupe, nikanunua kiti cha kuzunguka, nikamtumia mwenzangu picha. Akajibu kwamba nimemzidi. Nilitembea na jibu hilo siku nzima kama mtu aliyefaulu mtihani.

Kilichonishinda ni kazi yenyewe. Wazee wa kwenye rekodi wanasema Kisukuma cha ndani, cha zizini na cha matambiko, na Kisukuma changu ni cha kuombea punguzo sokoni. Miaka yote hiyo nikikwama nilikuwa naita kutoka mezani, "Mayu, hii maana yake nini?" Naye alinijibu kupitia ukutani, hata akiwa amejilaza. Sikuwahi kuona kwamba ile ni kazi. Sasa nilifunga mlango wangu, nikarudia dakika moja ya rekodi asubuhi nzima, mzee akieleza namna ya kumbembeleza ng'ombe aliyekataa ndama wake, na sikupata hata mstari mmoja.

Nikapiga simu Ushetu. Kaka akampa mama.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mwanangu."

Akakohoa. Nilisubiri amalize, kalamu mkononi, na kusema kweli nilikuwa na haraka. Nikaisogeza simu kwenye kompyuta, nikamwekea rekodi. Aliyajua maneno yote, nilimsikia akiguna kwa kukubali. Lakini kabla ya kunieleza aliuliza, "Ofisi imekaa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Nije niione? Hata siku mbili tu, kifua kipumzike."

Nilitazama sakafu. Godoro lingetosha, ningesogeza kiti tu.

"Utalala wapi, Mayu?" nikamwambia. "Hakuna nafasi."

Niliogopa atakata simu, maana nilikuwa sijapata maneno yangu. Kisha akakohoa tena, akaanza kunieleza, polepole, neno moja moja, ili niwahi kuandika. Nikaandika yote.