Cheni Niliyopewa Tawa

Ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha unisikilize. Mimi ni mwinjilisti. Nilikuwa nikihubiri kwamba wafu hawarudi, na haya yalinipata jua likiwaka, nikiwa na akili zangu zote.

Ilikuwa miaka ya themanini. Kanisa lilinipa pikipiki ya njia mbaya, ile ndefu yenye matairi ya kushika mawe. Shida ilikuwa cheni. Mchanga wa mito iliyokauka uliimaliza upesi, na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoizungusha, zilichongoka kama meno ya mbwa.

Alasiri moja nikaenda duka la vipuri kwenye soko la Tawa. Mwenye duka, Kilonzo, akanitolea aina mbili.

"Mwinjilisti, wachana na hii sproketi ya aluminiamu. Ni nyepesi, inang'aa, lakini mchanga utaila. Chukua ya chuma. Na ubadilishe zote pamoja na cheni, ama ile kuukuu itaharibu mpya."

Nilikuwa nakunja cheni kwa ubavu kuona kama imelegea, mtu mrefu mwenye koti la vumbi akasimama kando yangu. Kilonzo pia alimwona, usidhani ni macho yangu.

"Hata hiyo itakatika," akasema. Akaweka kwenye kaunta cheni nyeusi na sproketi zake, zimefungwa kwa kamba ya katani. "Hii nimeitumia mwenyewe. Angalia meno."

Hakuna hata jino moja lililokuwa limelika. Nikamuuliza anataka nini.

"Utanisalimia mama."

"Anakaa wapi?"

"Utafika tu." Akatoka.

Nani angekataa? Fundi akaifunga, nikaondoka jua likianza kupoa. Pikipiki haikuwa imewahi kwenda vizuri vile. Kwenye njia panda nikakata kushoto, kuelekea nyumbani. Ikaenda kulia. Nikafinya breki, wapi! Nikazima injini. Niamini: injini ilinyamaza, lakini cheni iliendelea kuzunguka, ikivuta gurudumu polepole kama punda anayejua boma lake, na mimi juu nikiomba kwa sauti.

Ilisimama kwenye lango la miti. Mama mzee alikuwa hapo na fimbo, kana kwamba ananingoja.

"Mwaitu," nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba, "mwanao anakusalimia."

"Nimepokea. Wewe si wa kwanza." Akaigusa cheni kwa ncha ya fimbo. "Mwanangu Muthui alikufa pale kwenye mteremko. Cheni ilikatika, ikakwama kwa gurudumu. Sasa anawachagulia watu hii isiyokatika."

"Na aliyekuja kabla yangu?"

"Alikuja mara moja. Akaona afadhali anunue nyingine." Akaelekeza fimbo kwenye mteremko. "Ilikatika. Mteremko ule ule."

Nilitaka kukimbia, sitakudanganya. Lakini mtungi wake ulikuwa mkavu na kuni zilikuwa zimeisha. Nikamchotea maji kabla ya kuondoka.

Nilirudi kwa miaka mingi. Nikisahau, cheni haikusahau. Haikukatika, haikulegea. Mara kadhaa nilijaribu kuivua, nati zikakataa spana. Siku tuliyomzika yule mama, nilizifungua kwa vidole, nikaitundika stoo, nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Ipo hadi leo. Sijawahi kuipaka oili, lakini kila nikiigusa mkono unatoka na oili mbichi. Vijana wa bodaboda wananiomba. Nawakatalia, na mke wangu anadhani ni uchoyo.

Wewe nunua yako dukani, ya chuma, mpya, uone ikitolewa kwenye boksi. Mtu mrefu akikuwekea cheni nyeusi kwenye kaunta na kusema ni ya bure, usiiguse, hata meno yake yawe mazuri namna gani. Mama yake tulishamzika. Sijui sasa atakutuma kwa nani.