Mbuzi Walioniamini Kiamaiko

Miaka ya tisini kazi yangu pale Kiamaiko, machinjio ya mbuzi jijini Nairobi, ilikuwa kuvuta mbuzi kwa kamba kutoka zizini hadi kwa mchinjaji, kisha kuwashika miguu. Bega liliniuma sana. Jirani yangu wa mtaa wa Huruma, karani mstaafu wa reli, akaniambia kwamba shida si kamba.

"Ni karma," akasema. Neno hilo alifundishwa na msimamizi wake Mhindi. "Unachowatendea viumbe kinakurudia, kijana. Kisipokukuta maisha haya, kitakungoja katika yajayo. Unaweza kuzaliwa mbuzi."

"Nizaliwe wapi?"

Akafikiri kidogo. "Nadhani hapo hapo Kiamaiko."

Kanisani kwetu huko Magharibi mwa Kenya, mtu akifa anangoja parapanda ya siku ya mwisho tu. Hata hivyo, siku mbili nilikuwa nikiwaza kuzaliwa mbuzi. Nikarudi kwake kuuliza nifanye nini. Akasema nisiache kazi, niifanye kama sala: nisimpige mnyama, nisimtukane, na nimwombe msamaha mapema.

Kesho yake nikapiga magoti mbele ya beberu mweusi. "Ndugu yangu, nisamehe."

Mchinjaji, mzee wa Kiborana, akashusha kisu. "We! Unamwambia nini huyo mbuzi?"

"Namwomba msamaha."

"Amekujibu?"

"Bado."

"Basi mlete, watu wanangoja nyama."

Baada ya wiki mbili mambo yakaharibika. Nikifungua zizi, mbuzi walinifuata wenyewe bila kamba, wamepanga mstari kama wanakwaya wanaoingia kanisani. Wenye mbuzi wakaanza kugombana, kila mmoja akitaka wake wapelekwe na mimi. Bega likapona, lakini sasa nilikuwa nikipeleka mbuzi mara mbili ya zamani, na wote waliniamini.

Nikamweleza jirani yangu. Akavua miwani. "Je, unawaambia wanakokwenda?"

"Hapana, mzee."

"Basi unawadanganya."

Asubuhi nikasimama mlangoni pa zizi, nikawatangazia kwa sauti: "Mnakwenda kuchinjwa!" Wakanitazama, wakatafuna, wakanifuata. Nikaketi chini katikati ya njia, nao wakasimama kunizunguka. Mmoja akaanza kula kofia yangu.

Mchinjaji akaja. Nilidhani atanifokea, lakini alichuchumaa kando yangu.

"Mimi hutaja jina la Mungu kwa kila mmoja," akasema, "na bado macho yao nayaona. Wewe huwezi hii kazi. Nenda kwenye ngozi."

Nikahamia kwenye ngozi, kuzipaka chumvi. Siku za kwanza niliziomba msamaha hizo pia, mpaka wenzangu wakaanza kuitikia "amina" kila nikiinama. Sijui karma yangu ilipungua kiasi gani. Jirani yangu alisema hilo si swali la kuulizwa. Lakini jioni moja nilimkanyaga mke wangu mguu jikoni, nikasema "nisamehe" kabla hajapiga kelele. Akaweka mwiko chini, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.